Mzee aliyejua masharti yote akarudi wodini: uchambuzi wa kisa cha moyo kushindwa kufanya kazi

Mgonjwa mwenyewe

Kisa hiki kinatoka kliniki ya moyo ya hospitali moja ya mkoa, pwani ya kaskazini ya Tanzania. Jina, mtaa, kazi na vitu vingine vya kumtambulisha nimeviondoa au kuvibadilisha, kwa hiyo tumuite Mzee tu na mkewe tumuite Bibi. Nimekiandika kwa ajili ya manesi wenzangu na yeyote anayeuguza mtu wa moyo nyumbani, sababu Mzee hakuwa yule mgonjwa tunayemlaumu kila siku kwamba hasikii, huyu alikuwa anasikia vizuri mno na bado akaletwa usiku hawezi hata kulala chali.

Umri wake ni sitini na kidogo. Presha anayo zaidi ya miaka kumi, na muda mrefu alikuwa anameza dawa kichwa kikiuma tu, kikitulia anaacha, stori ambayo kila aliyefanya kazi OPD, kitengo cha wagonjwa wa nje, anaijua. Mwaka mmoja kabla ya kisa akaanza kuhema akipanda ngazi za msikiti, miguu ikavimba, akapigwa eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, ikaonekana moyo umetanuka na unasukuma asilimia 30 hivi ya damu iliyomo, wakati moyo mzima unasukuma zaidi ya 50. Kama kuna anayeona umri huo ni mapema, utafiti wa THESUS-HF uliochapishwa 2012, wagonjwa 1006 kutoka nchi 9 za Afrika, wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52 tu, na sababu kubwa ilikuwa presha, sio mishipa ya moyo kuziba kama Ulaya. Yaani kwetu mtu anaanza kufeli moyo bado ana watoto wa kusomesha.

Alilazwa, akakaushwa maji, akatoka na dawa nne: Lasix ya kukojoza maji miligramu 40 asubuhi, spironolaktoni 25 ambayo nayo inatoa maji ila inabakiza potasiamu, losatani 50 ya presha, na karvediloli ya kuutuliza moyo mara mbili kwa siku. Uzito wake akiwa hana maji mwilini ulikuwa kilo 64, na hiyo namba ishikeni maana tutairudia.

Alichokuwa anakijua

Kabla ya kutoka wodini alipewa somo na karatasi. Kila akija kliniki anaulizwa masharti na anayataja kama mtoto wa madrasa anayesoma juzuu: chumvi kidogo, maji lita moja na nusu, dawa kila asubuhi, upime uzito, miguu ikivimba uje hospitali. Kwenye fomu kila kipengele kina tiki. Kwa karatasi, huyu alikuwa mgonjwa wa mfano na wengine walikuwa wanaambiwa wakae naye awafundishe.

Nyumbani sasa. Maji alikuwa anayapima kwelikweli, ana chupa yake ya lita moja na nusu anaijaza alfajiri, ikiisha ndio basi mpaka kesho, hata chai anaimwaga humo kwa hesabu. Chumvi ya mezani Bibi aliiondoa kabisa. Ila uzito alikuwa anaupima kliniki tu, mara moja kwa mwezi, kwa sababu nyumbani hakuna mizani na hakuna aliyewahi kumuuliza kama anayo. "Pima uzito" alilijua kama sharti la kutaja.

Safari ya arobaini

Dada yake alifariki Dar, arobaini ikafika na Mzee ndiye mkubwa wa familia, lazima awepo. Basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Sasa mtu aliyemeza Lasix alfajiri na kukaa siti ya dirishani masaa sita anajua kitakachompata, na mwenye basi anasimamisha watu kuchimba dawa anapotaka yeye, sio unapobanwa wewe, na mzee wa heshima hawezi kwenda mbele kumgongea dereva kila nusu saa. Akaiacha dozi ya siku hiyo. Alituambia baadaye bila hata kusita, kwamba aliona kuruka siku moja hakuna neno.

Ingekuwa siku moja kweli pengine tusingeandika kisa. Nyumba ya msiba ilijaa watu, choo kimoja, foleni muda wote, akaona aibu kuwa mtu wa kutoka kikao cha wanaume kila baada ya dakika kumi. Siku ya pili akameza, ya tatu akaacha, ya nne akaacha, baadaye akawa anameza akikumbuka. Chakula kilikuwa cha shughuli, pilau, na siku nyingine papa mkavu wa nazi na ng'onda, vitu alivyokulia, vya chumvi ya kuhifadhia. Na chupa yake ya maji alikuwa nayo pembeni muda wote, lita moja na nusu, hajazidisha hata glasi moja! Maji kayapima, chumvi kaila kwa papa.

Alafu goti likaanza kumsumbua kwa kukaa chini kwenye mkeka, mpwa wake akaenda duka la dawa akarudi na vidonge vya diklofenaki, akameza karibu wiki nzima. Dukani hakuulizwa ana ugonjwa gani na yeye hakusema, maana ya goti ni ya goti. Mwingine akamletea madafu, kila jioni moja au mawili, kwamba yanasafisha figo na kushusha maji.

Dalili zilikuja kwa mpangilio ambao ukiusoma kwenye kitabu utasema hii mbona iko wazi. Viatu vikabana akavaa ndala. Mto mmoja ukawa miwili. Akaanza kukohoa usiku, wakasema vumbi la Dar, akanunuliwa dawa ya kikohozi na vidonge vya antibayotiki. Uchovu ukawa wa safari na wa msiba. Aliporudi nyumbani Bibi ndiye aliyeona alama ya soksi imezama kwenye mguu, akamwambia, naye akajibu ni kukaa sana kwenye basi. Siku tatu zilizofuata alilala kwenye kiti.

Usiku wa kuletwa

Alifika kwa bajaji karibu saa nane usiku, ameinama mbele mikono kwenye magoti, anaongea maneno mawili mawili. Oksijeni ya damu asilimia 86, iko chini sana, presha 168 kwa 102, mapafu yote chini yanasikika maji, miguu imevimba mpaka mapajani. Tulipoweza kumsimamisha kwenye mizani kesho yake, tayari ameshakojoa sana, alikuwa kilo 71.4. Yaani kilo saba na pointi zake juu ya ile 64, maji matupu, ndani ya wiki mbili zisizotimia.

Vipimo vya damu vikaonyesha kreatinini, kipimo cha figo, imepanda, na potasiamu, madini ya kwenye damu ambayo yakizidi ni hatari kwa moyo, imepanda mpaka 5.6.

Maamuzi ya wodini na sababu zake

Oksijeni na Lasix ya mshipa zilianza hapohapo, hilo halina mjadala. Diklofenaki ilisimamishwa siku ileile tulipoiona kwenye mfuko wa dawa, na hapa niseme kwamba tuliiona kwa sababu nesi wa zamu alimuomba Bibi amwage mfuko wote kitandani badala ya kuuliza tu "anatumia dawa gani". Dawa za kundi hilo, diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zake, zinafanya figo zishike chumvi na maji, zinapunguza nguvu ya Lasix, na zikikutana na losatani na spironolaktoni zinapandisha potasiamu. Goti likahamishiwa panadol na kukandwa.

Spironolaktoni ilikuwa na ubishi kidogo. Kwa potasiamu ya 5.6 muongozo unaruhusu kupunguza nusu bila kuacha. Daktari akaamua kuisimamisha kabisa kwa muda kwa sababu ya vitendo tu, kipimo cha potasiamu pale hakipatikani kila siku, leo kipo kesho kitendanishi, ile dawa ya kupimia, kimeisha, na dawa ya namna hiyo hutaki uiendeshe gizani kwa mtu mwenye figo zilizotikisika. Losatani ikapunguzwa nusu. Karvediloli iliendelea, maana presha yake ilikuwa inaruhusu na kuikata ghafla kuna hatari yake. Madafu nayo yalisimamishwa, dafu lina potasiamu nyingi na mtu wa dawa hizi sio wa kulinywa kila jioni. Mzee alichukia hilo kuliko yote.

Siku ya sita akatoka, kilo 65.

Hadithi ya begi

Siku moja kabla ya kutoka kulikuwa na zoezi la kawaida, kurudia somo. Nilimkuta anajiandaa kabisa kunitajia masharti. Nikamwambia, "Mzee wangu, masharti unayajua kunishinda, leo nihadithie tu, tangu ulipokuwa unafunga begi la kwenda Dar, saa kwa saa." Akacheka, akaanza. Yote niliyoyaandika hapo juu yametoka kwenye hiyo hadithi, hayakutoka kwenye faili. Kwenye faili lake imeandikwa "hafuati masharti ya dawa" na mstari ukaishia hapo.

Bibi alikuwa amekaa pembeni anakunja kanga, tukafika kwenye chakula cha nyumbani.

"Sista, mimi chumvi siweki kabisa, muulize mwenyewe, anakula chakula kama cha mtoto mchanga."

"Maharage unayapika na nini, mama?"

"Magadi kidogo, mkaa ghali siku hizi. Na kile kiungo cha pakiti ili kipande hamu, maana chumvi hakuna."

"Magadi unaweka mara ngapi kwa wiki?"

"Ah, kila nikipika maharage. Na kunde. Na kisamvu kikiwa kigumu. Lakini magadi si chumvi, sista?"

Sodiamu ni ileile tu, iwe imekuja kwenye magadi au kwenye chumvi, na kile kiungo cha pakiti sehemu kubwa yake ni chumvi iliyotiwa rangi. Bibi alinyamaza kidogo, alafu akauliza swali la maana kuliko yote ya siku ile: sasa hamu nitaipata wapi? Tukakaa tukapanga. Maharage aloweke usiku kucha amwage maji yale, hapo mkaa anaupunguza bila magadi. Ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili, nazi ya kukuna. Chumvi arudishe kidogo lakini iwe kwa kijiko cha chai kinachopimwa, sufuria ya familia ijulikane imeingia nini, kuliko kujifanya haipo huku inaingia kwa mlango wa uani. Papa awe wa mara mojamoja, alowekwe na maji yabadilishwe, na siku hiyo mboga nyingine zisiwe na chumvi.

Nikamuuliza Mzee kwa nini aliacha Lasix ya siku ya safari wala hakuisogeza. Akaniangalia kama nimesema kitu cha ajabu. "Karatasi imeandikwa asubuhi." Kwake yeye kulikuwa na mambo mawili tu, kumeza asubuhi au kutokumeza. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba Lasix ya kidonge inaanza kufanya kazi ndani ya saa moja hivi na nguvu yake inaisha baada ya masaa kama sita, kwa hiyo basi likifika saa sita mchana unameza ukifika, unakojoa mchana wote ulipo na choo, na usiku unalala.

Tulichokubaliana

Karatasi ile ya masharti tuliiacha. Daktari akasaini mpango ulioandikwa kwa maneno yao:

Lasix siku ya kawaida asubuhi. Siku ya safari au shughuli, umeze ukifika au shughuli ikitulia, isizidi saa kumi jioni, ila isirukwe.

Uzito kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya chai. Ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, kidonge cha pili cha Lasix saa nane mchana, na unapiga simu kliniki siku hiyohiyo. Usiposhuka ndani ya siku 3 unakuja. Ukiwa unaharisha, unatapika au unapata kizunguzungu usiongeze, piga simu kwanza. Ukishindwa kulala chali, hiyo sio ya kupima wala kupiga simu, unakuja usiku huohuo.

Duka la dawa lolote, sentensi moja: "Nina ugonjwa wa moyo, nipe panadol tu." Alifanyishwa mazoezi ya kuisema kwa sauti na mjukuu akiwa muuza duka, wodi nzima ikacheka, lakini aliisema.

Mizani walichanga watoto wakanunua ile ya mshale. Na mizani nayo ina mambo yake. Wiki ya kwanza namba zilikuwa zinaruka kilo tatu juu kilo mbili chini, tukadhani Mzee anadanganya, kumbe wanaiweka juu ya mkeka. Ikahamishiwa kwenye sakafu ya saruji. Alafu Mzee akiinama kusoma mshale uzito unacheza na macho yenyewe hayaoni, ikabidi mjukuu wa darasa la tano awe anachuchumaa mbele yake anasoma, anaandika kwenye kalenda ya ukutani. Mizani ya nyumbani ilikuwa inazidi ya kliniki kwa kilo moja, tukaacha hivyohivyo na kuandika kwa kalamu nyekundu juu ya kalenda 66, namba yake ya nyumbani.

Miezi iliyofuata

Karibu na Idd mshale ukafika 68.3 ndani ya siku tatu, na aliyepiga simu alikuwa Bibi, Mzee hakupiga. Akameza kidonge cha mchana, siku ya pili ikawa 67.1, ya tatu 66.4, hakuja hospitali na hakukuwa na haja.

Ramadhani yenyewe haikwenda vizuri. Daktari alimshauri asifunge maana ametoka kulazwa, akakubali mbele yetu na akafunga mwanzo wa mwezi bila kusema, mpaka alipopata kizunguzungu akisimama kutoka kwenye swala. Wakati huo mwili ulikuwa umekauka, uzito 63.8 kwenye mizani ya nyumbani, na mpango wetu ulikuwa unazungumzia kupanda tu, haukuwa na mstari wa kushuka. Mstari umeongezwa: chini ya 64 ya nyumbani, piga simu. Na imamu wa msikiti wake ndiye aliyemaliza suala la kufunga kwa dakika tano, sisi tulishindwa.

Kwenye miezi sita hajalazwa tena kwa moyo.

Kilichofanya kazi na kilichogoma

Wenzetu wanaosoma mambo haya, Barbara Riegel na wenzake, wanagawa kujitunza kwenye moyo kuwa vipande vitatu: kufuata matunzo ya kila siku, kuzitambua dalili, na kuchukua hatua dalili zikija. Ukimpima Mzee kwa hivyo, somo la kliniki lilikuwa lote kwenye kipande cha kwanza. Cha pili alikuwa nacho kama maneno, "miguu ikivimba uje", ila mguu haukuvimba siku moja ukapiga kengele, ulianza na kiatu kubana, na kila dalili ilikuwa na maelezo mengine ya karibu, safari, vumbi, msiba. Namba ya mizani haina maelezo mengine, ndio maana mimi naona ile mizani ya mshale imemsaidia kuliko maneno yangu yote. Cha tatu hakikuwepo kabisa, hakuwa ameruhusiwa kufanya chochote zaidi ya kuja.

Ila msije mkasema basi tuongeze masomo. Uholanzi walifanya utafiti wa COACH, ukatoka 2008, wagonjwa 1023, wengine wakapewa nesi wa moyo wa kuwafundisha na kuwafuatilia, wengine wakapewa nesi huyo kwa nguvu zaidi, na baada ya miezi 18 vifo na kulazwa havikupungua kwa tofauti ya kueleweka. Na kwenye chumvi pia, utafiti wa SODIUM-HF wa 2022, wagonjwa 806, waliobanwa chini ya miligramu 1500 za sodiamu kwa siku hawakupata nafuu kubwa ya kulazwa wala vifo kuliko wenzao. Lakini hao wenzao nao hawakuwa wanakula papa na magadi, kwa hiyo mimi sisomi hapo ruhusa ya kula chumvi, nasoma kwamba kumnyima mtu mpaka chembe ya mwisho haina faida, kazi ni kuziba ile mianya mikubwa. Kwa nyumba hii mianya ilikuwa magadi, kiungo cha pakiti na chakula cha shughuli. Nyumba nyingine itakuwa mkate na soseji, huwezi kujua bila kuuliza sufuria.

Kosa lingine lilikuwa kumfundisha asiyepika. Somo lote la chakula alipewa Mzee, ambaye nina uhakika hajawahi kuwasha jiko lile. Siku hizi kliniki ile, anayepika asipokuwepo, somo la chakula linaahirishwa na anapigiwa simu. Na neno "hafuati masharti" nimeanza kulichukia, linafunga faili kabla hujajua kulikuwa na choo kimoja na watu arobaini.

Kitu ambacho hakijatatuliwa ni hela. Karvediloli ikikosekana dirisha la hospitali Mzee ananunua nje, na mara mbili Bibi ametuambia kwamba anameza ya asubuhi tu ili pakiti ifike mwisho wa mwezi. Hapo hakuna cha kumfundisha, anajua kabisa anachofanya. Kwa sasa tumekubaliana atuambie kabla hajaanza kugawa, tuangalie kama kuna dawa ya kundi hilo iliyopo dirishani, na mwezi uliopita ilipatikana bisoprololi, daktari akambadilishia. Spironolaktoni imerudi kwa nusu dozi baada ya potasiamu kushuka 4.6, na anatakiwa kupima tena wiki ijayo, kama kitendanishi kitakuwepo.